Siku Mbili na Nusu za Kuvuka Barabara Kuu

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke mmoja fundi cherehani aliyejulikana mtaani kwa jina la Pindo alifunga duka lake, akaning'iniza mlangoni kibao kilichosema "Nimevuka, nitarudi wiki ijayo," kisha akafungua tena mlango kuhakikisha kuwa pasi ameichomoa. Alikuwa ameichomoa. Akafunga. Akafungua tena. Moyo ulikuwa unamwenda kama cherehani ya umeme iliyokanyagwa na mtoto, na mikono yake, iliyotunga uzi kwenye sindano kwa miaka ishirini na mitano, ilishindwa kulipata tundu la kufuli.

Sababu ya yote ilikuwa ndani ya mfuko mrefu wa nailoni wenye zipu: gauni la harusi, satini nyeupe, lesi mabegani, vifungo ishirini na viwili mgongoni, mkia wa mita mbili. Lilikuwa la binti wa dada yake. Harusi ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, nyumbani kwa dada, na dada aliishi ng'ambo ya pili ya Barabara Kuu, mkabala kabisa na duka. Asubuhi zisizo na vumbi bati lake la buluu lilionekana kama kipande cha kitambaa kilichodondoka mbali sana. Kila Jumapili dada alipanda juu ya paa akapunga shuka la njano, naye Pindo akapunga la kwake. Hawakuwa wameshikana mikono kwa miaka kumi na mmoja.

Vipimo vya bi harusi vilichukuliwa kwa simu. Dada mtu alishika futi na kusoma namba kwa sauti, Pindo akaandika, akapunguza sentimita mbili kiunoni na moja kifuani, kwa kuwa alimjua dada yake: alikuwa na tabia ya kulegeza futi kwa huruma.

Upana wa Barabara Kuu ulikuwa mita sitini na mbili. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ramani za ofisi ya jiji. Kwa mtu wa miguu, kuivuka kulichukua siku mbili na nusu, na kwa mwenye mzigo siku tatu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Enzi za bibi yake Pindo ilikuwa njia nyembamba ya kwendea kisimani, na mtu aliyeomba moto kwa jirani wa ng'ambo alifika nyumbani na kaa lingali jekundu. Upanuzi wa kwanza ulifanywa kwa sababu ya gari la mkubwa mmoja, gari pekee mjini. Wa pili ulifanywa kumpokea mgeni wa heshima, ambaye barabara ilipewa jina lake, naye akaja kwa ndege na kuondoka kwa ndege. Wa tatu ulikuja na lami pana na jina la tarehe ambayo siku hizi hakuna anayekumbuka ilitokea nini. Kisha wa nne, wa tano, na mwaka jana wa sita, wa njia ya mabasi ya haraka. Kila ramani ilipoongeza mita chache, miguu ya watu ilihesabu nusu siku zaidi. Mabasi yalikwenda mbele na kurudi nyuma. Hakuna hata moja lililokwenda kando. Daraja la juu lilikuwepo, ila lilikuwa la magari yenye kibali, na lilivukwa kwa dakika nne.

Pindo alimkuta mwenzake wa safari amesimama tayari ukingoni, amevaa fulana yake ya zamani ya rangi ya machungwa, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Huyu alikuwa ndugu wa mama yake, mzee wa miaka sabini na mmoja, dereva mstaafu wa tingatinga, aliyeendesha mitambo ya barabara hiyo kuanzia upanuzi wa tatu hadi wa tano. Watu walimwita Tinga. Pindo alimwita Mjomba.

"Barabara hii naijua kuliko mke wangu," alisema Mjomba.

"Mke wako alikukimbia, Mjomba."

"Ndiyo maana nakwambia. Hii haijanikimbia."

Aliuchukua mfuko wa gauni, akautundika kwenye ncha ya fimbo ya pazia, akaiinua juu kama mshika bendera ili moshi usilifikie. Askari wa trafiki, mwanamke kijana mwenye daftari, aliwauliza kama wana maji. Walikuwa nayo lita kumi. Akawauliza kama wana kofia. Wakamwonyesha. Akaandika saa ya kuondoka, akawatakia heri, akapuliza filimbi. Wakaingia barabarani.

Lami ya mwaka jana ilikuwa bado nyeusi na inanuka. Hapo kwa kawaida ndipo wengi hukwama, maana mabasi ya haraka hayasimamishiki, na mtu aweza kungoja kwenye mstari mweupe tangu chai hadi chakula cha mchana. Lakini ile nailoni ilikuwa angavu, na gauni lilionekana ndani yake limesimama wima, lina mabega, lina kiuno, kama mtu. Dereva wa basi la kwanza aliliona akapunguza mwendo. Wa pili akasimama kabisa. Madereva ambao hawakuwahi kusimama kwa ajili ya mama mjamzito wala mwenye magongo walisimama kwa ajili ya gauni tupu. Wakapiga honi, abiria wakafungua madirisha, basi zima likapiga vigelegele, na Pindo, ambaye alikuwa amejiandaa kuvuka roho mkononi, akajikuta anavuka akipunga mkono kulia na kushoto huku machozi na kicheko vimemchanganyikia.

"Usiwazoee sana," alisema Mjomba. "Bado njia kumi na tisa."

Mchana wakafika kwenye ukanda wa nyasi uliotenganisha upanuzi wa sita na wa tano. Palikuwa na kinyozi pale. Duka lake lilikuwa limebomolewa mwaka jana akabaki papo hapo, kioo amekifunga kwenye nguzo ya taa, kwa sababu wateja walikuwa wamezoea mahali. Alimnyoa Mjomba ndevu, akakataa kulipwa, akaomba tu aruhusiwe kuligusa gauni kwa mgongo wa kidole. Pindo alimfungulia zipu kidogo. Kinyozi akagusa, akashukuru, akaendelea na mteja mwingine.

Kuanzia hapo Pindo alianza kuisoma barabara kwa nguo. Lami ilipobadilika kutoka nyeusi kuwa ya kijivu, magari nayo yalibadilika, na waliokuwa ndani walivaa kama walivyovaa watu miaka kumi na mmoja iliyopita, wakiwahi mikutano iliyokwisha kufanyika. Jioni walivuka njia za upanuzi wa nne. Huko wanawake walikuwa na mabega yaliyojazwa sponji na mikono iliyovimba kama maputo. Pindo alikuwa mwanagenzi miaka hiyo, na alizishona nguo zile kwa mikono yake. Gari moja lilipunguza mwendo, akaona ndani yake blauzi ya kijani.

"Mjomba! Ile ni yangu! Ile kola niliikosea, ona inavyokaa upande!"

"Kamwambie arudi uirekebishe."

"Anakwenda kasi," alisema Pindo kwa masikitiko ya kweli, akaitazama kola hadi ilipopotea.

Walilala kwenye ukanda wa katikati ya njia ya kumi na moja na ya kumi na mbili, gauni limetundikwa kwenye alama ya "Usigeuze." Asubuhi ya Ijumaa Pindo aliamka kabla ya Mjomba, akampigia simu dada kumwambia wamevuka njia kumi na moja na gauni halina doa. Dada alipiga ukelele akaita nyumba nzima. Bi harusi akaichukua simu.

"Mama mdogo wangu, utanitambua kweli? Uliniacha nina miaka kumi na mitatu."

"Kiuno chako nakijua kuliko unavyokijua wewe," alisema Pindo. "Kula vizuri leo, kesho ujizuie."

Ilipokaribia saa sita mchana, barabara ilianza kupinda. Kwenye ramani ilikuwa imenyooka, lakini pale ilijikunja mbele ya ukuta mrefu mweupe, ikagawanyika mara mbili kama maji mbele ya jiwe, ikaupita ukuta pande zote. Nyuma ya ukuta palisikika mashine ya kukatia majani. Ilikuwa bustani ya mkubwa fulani. Mkubwa mwenyewe alifariki zamani na wajukuu zake walikuwa nje ya nchi, ila majani yaliendelea kukatwa kila Ijumaa.

Mjomba alisimama. Akaitua fimbo. Pindo alidhani amechoka.

"Vigingi vilikuwa vinapita mle ndani," alisema, akinyooshea ukuta kidole. "Upanuzi wa tatu. Nilifika kazini asubuhi nikaviona, vyekundu, vimenyooka, vinakata bustani katikati. Tukaenda kula mchana. Tuliporudi vilikuwa vimehamishwa."

"Vikahamishiwa wapi?"

Mjomba akamwonyesha mbele kwa kidevu, kwa sababu walikuwa wamefika. Mahali barabara ilipojikunja palibaki kipande cha pembetatu kisichotiwa lami, na kwenye pembetatu hiyo palikuwa na sakafu. Sakafu ya saruji nyekundu, imepasuka pembeni, inang'aa. Kuta hazikuwepo. Mlango haukuwepo, ila kizingiti kilikuwepo. Pindo alikuwa na miaka saba alipoiona sakafu ile mara ya mwisho, na miguu yake iliitambua kabla ya macho: akavua viatu.

Mwanamke mzee aliyekuwa anaifagia aliinua kichwa.

"Umechelewa," alisema. "Nilikuona tangu jana jioni. Hicho mlichobeba ni nini, maiti?"

"Ni gauni, Mama," alisema Pindo.

Mama yake alikuwa ameondoka nyumbani miaka tisa kabla, akiwa na sufuria ya supu, kumpelekea binti yake wa ng'ambo aliyekuwa mgonjwa. Hakufika. Ukingoni iliokotwa jozi ya ndara. Baada ya mwaka mmoja wa kuuliza kila hospitali na kila kituo, familia ilizika ndara. Pindo alimweleza mama yake hayo yote huku amemkumbatia kiasi cha kumnyima pumzi, akilia, akicheka, akimpima mgongo kwa viganja bila kujua kuwa anampima. Alikuwa amepungua sentimita nane.

"Kumbe mlizizika," alisema Mama. "Nikasema nimezisahau wapi."

"Tulijua umekufa!"

"Sijafa. Sijavuka tu. Nilifika hapa nikaikuta sakafu yangu, chafu, imejaa mchanga na visoda. Nikasema nifagie kidogo kisha niendelee. Nilipomaliza kufagia akaja mtu na tochi na karatasi, anaandika viwanja visivyo na mtu. Nikamwambia hiki kina mtu. Akaniambia atarudi. Sasa nikiondoka, si watasema hapakuwa na mtu?"

Aliishi vizuri. Maji alipata kutokana na mpira wa bustani, ambao kila asubuhi ulirusha nusu ya maji yake nje ya ukuta. Kunde alipanda kwenye mpasuko. Wavukaji walimwachia chumvi, sabuni na habari. Simu hakuwa nayo, na kila alipomtuma mvukaji apeleke salamu, mvukaji alitokea mtaa mwingine kabisa.

Kisha akamgeukia ndugu yake, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama nje ya kizingiti, fulana yake ya machungwa imemkaa kama nguo ya kuazima.

"Na wewe. Ingia. Mlango si upo wazi."

"Dada, mimi..."

"Najua. Nilikuwa hapa siku ile. Ulizima mashine, ukashuka, ukanisalimia. Ukaniuliza hali ya watoto. Nikakupa maji ukanywa. Ukarudi juu ukaiwasha."

"Niliambiwa mmepewa viwanja vingine."

"Tulipewa. Namba sitini na tatu. Tulipokwenda kukiona, magari yalikuwa yanapita juu yake."

"Vile vigingi niliviona vinahamishwa, Dada. Niliviona kwa macho yangu. Sikusema."

Ng'ambo ya ukuta mashine ya majani ilizimwa, ikawashwa tena.

"Sakafu uliiacha," alisema Mama. "Ukainua lile koleo la mashine. Niliona."

"Hilo ndilo nililoweza."

"Basi ingia ukae. Lakini uvue viatu, nimetoka kupiga deki."

Mjomba akavua viatu, akaingia, akakaa pembeni palipokuwa jiko, akafunika uso kwa kofia. Hakuna aliyemsumbua.

Pindo alimpigia simu dada yake. Aliogopa kulisema jambo lile kwa sauti, akalisema harakaharaka, kama mtu anayechomoa pini kwenye kidole.

"Dada, Mama yupo hapa. Kwenye sakafu yetu. Ananiambia mkono wa lesi nimeuvuta sana."

Pindo alisikia sufuria ikianguka upande ule, kisha watu wakiuliza kuna nini. Dada alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile aliyotumia utotoni kuamrisha michezo.

"Msiondoke hapo. Msisogee hata hatua moja. Tunaileta harusi."

Na waliileta. Saa nane mchana wa Ijumaa dada alifunga nyumba, akawapanga watu themanini na sita ukingoni wawili wawili, akaingia nao barabarani na viti, masufuria, spika, kinanda, keki ya ngazi tatu, bwana harusi ambaye alikuwa fundi wa friji, na msajili wa ndoa aliyekuwa na shughuli nyingine Jumamosi lakini alivutwa kwa mkono.

Pindo hakulala sawasawa. Jumamosi asubuhi alikaa kizingitini akitengeneza mkono wa lesi, kwa kuwa Mama alisema kweli, ulivutwa mno, huku kila baada ya mishono mitatu akiinua macho. Saa tatu hakuona kitu. Saa nne aliona vumbi. Saa tano vumbi likawa na rangi ya njano ndani yake, na rangi ya njano ikawa shuka, na chini ya shuka alikuwa dada yake, mbele ya wote, amenenepa, ana miwani, anatembea kwa hasira ya furaha.

Waliikata sehemu ya zamani kabisa ya barabara. Pindo aliwaona vizuri kutoka juu ya kiti cha Mama. Kwenye lami nyembamba ya mgeni wa heshima walisimamisha pikipiki za msafara zilizokuwa zingali zikimsubiri. Kwenye njia ya vumbi lile gari pekee la mkubwa lilisimama lenyewe, dereva akavua kofia, na mkubwa akachungulia dirishani akauliza nani anaoa. Wakamwambia. Akasema vema. Kwenye njia ya kisimani, iliyokuwa na upana wa mtu mmoja, ilibidi watu themanini na sita wapite mmoja mmoja, na wanawake wenye mitungi waliokuwa wakitoka kuteka walisimama majanini kuwapisha, wakauliza bi harusi ni yupi, wakamsifu. Mmoja wao alikuwa na uso wa Mama. Alimtazama dada kwa makini, akamnyooshea kola ya blauzi, akaendelea na safari yake.

"Hatua ishirini!" alipiga kelele Mama, ambaye alikuwa amesimama na ufagio. "Hatua kumi na tano! Jamani hebu kimbieni, mnatembea kama mnalipwa kwa siku!"

Dada akakimbia. Alivua viatu akiwa bado hewani. Hakujua amkumbatie nani kwanza, akawakumbatia wote wawili kwa mpigo, na miwani ikavunjika katikati yao, na hakuna aliyeiokota. Pindo alikuwa amekwisha kuandaa maneno ya miaka kumi na mmoja. Yote yalimtoka kichwani. Alichosema ni, "Umeacha kulegeza futi?" na dada akasema, "Sijaacha," wakaangua kicheko mpaka wakakaa chini.

Bi harusi alisimama pembeni, msichana mrefu mwenye vumbi hadi kwenye kope, akingoja zamu yake. Pindo alimwendea. Alimweka mikono kiunoni, akaibana kidogo.

"Sitini na nane," alisema.

"Sitini na nane, mama mdogo wangu."

Wakazungusha mashuka wakafanya chumba palepale palipokuwa chumba. Gauni liliingia bila kubishana. Vifungo ishirini na viwili vilifungwa na wanawake watatu wa damu moja, kila mmoja akianzia mahali pake, na walipokutana katikati ya mgongo hapakuwa na kifungo kilichozidi wala kilichopungua. Bi harusi alipotoka nje ya mashuka, njia nne zilizokuwa karibu zilisimama kabisa. Mlinzi wa bustani alipanda ngazi akachungulia juu ya ukuta. Mpiga kinanda alisahau kupiga.

Msajili wa ndoa alifungua kitabu chake juu ya kiti.

"Mahali ilipofungwa ndoa?" aliuliza.

"Nyumba namba kumi na saba," alisema Mama. "Andika. Barabara ya Kisimani, nyumba namba kumi na saba."

Msajili alitazama huku na huku. Aliona sakafu, kizingiti, masufuria jikoni, watu themanini na wanane wasio na viatu, na Mjomba Tinga akiwaelekeza wageni wapite mlangoni, si kupitia ukutani. Akaandika. Akagonga mhuri. Bwana harusi alisema ndiyo kabla hajaulizwa, ikabidi aulizwe upya. Bi harusi alisema ndiyo mara moja, kwa sauti iliyosikika njia ya pili. Honi zikalia kutoka kila mwaka wa barabara, nyembamba za zamani na nene za sasa, na watu wakacheza.

Walikuwa wanacheza bado saa kumi na moja pikipiki ya ofisi ya jiji ilipofika. Afisa wa viwanja alikuwa kijana mpole mwenye jalada na kamera. Alishuka, akawapongeza maharusi, akapokea sahani, akala kwa adabu, akasema chakula ni kizuri sana. Kisha akaeleza kuwa upanuzi wa saba umepitishwa, na ametumwa kukagua eneo hili kabla halijawekewa lami.

"Tayari limekaguliwa," alisema Mama. "Nilimwambia mwenzako hiki kina mtu."

"Nimeona maelezo yake," alisema afisa, akipekua jalada. "Ameandika kuwa kuna mwanamke mmoja aliyesema hapa pana mtu, lakini eneo ni tupu."

"Na leo unaona nini?"

Afisa aliinua macho. Aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima, kama mtu anayehesabu.

"Naona harusi nzuri sana, bibi," alisema. "Nisaidieni jambo moja tu. Msogee kidogo, mpaka kule ukutani, nipige picha ya eneo likiwa wazi. Dakika moja tu. Wanataka picha."

Watu walimtazama Mama. Bwana harusi alikunja ngumi. Mjomba Tinga ndiye aliyekwenda mbele. Alisimama katikati ya sakafu, karibu kabisa na afisa, amenyooka kama kigingi.

"Mimi sisogei," alisema. "Nilisogea mara moja."

"Sawa, mzee," alisema afisa. "Haina shida. Kaa hapohapo."

Mama akaenda kusimama kando ya ndugu yake. Pindo akafuata, na dada, na bi harusi akiwa amekusanya mkia wa gauni mkononi, na msajili na kitabu chake, mpaka sakafu yote ikajaa watu waliosimama kimya wakitazama kamera. Afisa alirudi nyuma hatua tatu. Akapiga. Akaitazama picha kwenye kioo kidogo, akaonyesha kuridhika, akaandika kwenye jalada maneno mawili. Pindo alikuwa karibu, naye alizoea kusoma maandishi ya wateja kichwa chini miguu juu. Yalisema: Hakuna mtu.

"Mna siku thelathini," alisema afisa. "Tena samahani kwa kuwakatizia."

Aliomba chakula kidogo cha kumpelekea mwenzake ofisini. Dada akamfungia. Akaagana nao mmoja mmoja kwa mkono, akamwambia bi harusi kuwa gauni limemkaa kama alizaliwa nalo, akaondoka.

Mama aliuchukua ufagio, akafagia mahali pikipiki ilipoegeshwa, akafagia na nyayo za afisa.

"Siku thelathini," alisema Mjomba. "Nitakaa hapa na wewe, Dada. Nina fulana ya pili begini."

"Utalala upande wa jikoni," alisema Mama. "Unakoroma."

Pindo alipiga magoti, akautazama mkia wa gauni kwa makini, sentimita kwa sentimita. Ulikuwa umeshika vumbi jekundu la sakafu kwenye pindo lote, mstari mwembamba, sawia, kana kwamba umeshonwa. Bi harusi akamuuliza kama litatoka kwa kufua.

"Haliwezi kutoka," alisema Pindo. "Limependeza. Geuka nikuone."

Bi harusi akageuka. Mpiga kinanda akauliza walikuwa wamefikia wimbo gani, mtu akamwambia, akaanza upya tangu mwanzo, na Mama, ambaye alikuwa amesimama miaka tisa, aliweka ufagio chini akamshika bwana harusi mkono, akamwambia amfundishe jinsi wanavyocheza siku hizi ng'ambo.